Kufungwa kwa Chuo cha Ualimu Carysfort: walikosea?

Mama Tatu: Wadau, hamjambo. Darasa la mwanangu hapa Dublin, Ayalandi, limeshapata walimu watatu wa muda tangu Septemba. Kila nikimfuata, nakuta jina jipya limebandikwa mlangoni. Halafu nakumbuka Carysfort, kule Blackrock: chuo cha Masista wa Huruma tangu 1877, kimetoa walimu wa msingi miaka mia na zaidi, serikali ikakifunga 1986. Chuo kama kile mnakifungaje?

Mpwani: Dada, 1986 waziri Gemma Hussey alitangaza tu. Kilifungwa 1988. Na sababu ilikuwepo: baada ya 1980 watoto wanaozaliwa walipungua, walimu wangekaa bila kazi. Vyuo vya ualimu vya Drumcondra na Limerick vikabaki. Tena masista walitoa walimu wenye nidhamu, si hawa wa siku hizi wanaokimbia katikati ya muhula.

Mama Tatu: Wanaokimbia? Mwalimu wa pili wa mwanangu aliniaga huku analia. Kodi ya nyumba imemshinda. Usimseme mtu usiyemjua.

Binti Shaba: Na nidhamu gani hiyo Mpwani? Tangu 1934 hadi 1958 mwalimu wa kike wa shule ya msingi akiolewa anaondolewa kazini. Mwanamume anaoa na kazi anayo.

Mzee Kombo: Masista msiwabebeshe hilo, wanangu. Ilikuwa amri ya wizara. Pale Carysfort, de Valera aliyekuja kuwa rais alifundisha hesabu, na mshairi Seamus Heaney naye alifundisha pale kabla ya kupata Nobel. Kilikuwa chuo cha maana.

Binti Shaba: Shikamoo mzee. Chuo cha maana, sikatai. Lakini marehemu bibi jirani yangu alisoma hapohapo, akaolewa 1956, akarudishwa nyumbani. Kengele yake ya mkononi, ya shaba, aliiweka dirishani mpaka anakufa. Kila Jumamosi anaisugua kwa majivu. Miaka miwili tu angesubiri!

Kibwana: Mnazozana ya zamani, ya leo hamyaoni. Binti yangu kazaliwa hapahapa, anataka ualimu, wanamdai Kiayalandi cha kiwango cha juu. Watoto wetu wangapi watapita?

Mama Tatu: Kibwana, wa kwangu ana miaka saba, kuomba ruhusa ya msalani anaomba kwa Kiayalandi. *An bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas?* Hata nyumbani! Lugha yao waliipigania, waache waidai.

Kibwana: Waidai, sawa, lakini wamfundishe kwanza. Mwalimu wa muda aliyempata binti yangu Kiayalandi hakijui.

Mpwani: Binti Shaba, hiyo kengele iko wapi sasa?

Binti Shaba: Ninayo mimi.