Reli ya mfano ya njia ya Tanga juu ya meza moja: nianzie wapi?

Mpenda Reli wa Ngamiani

Salamu kwenu nyote. Nina chumba cha akiba nyumbani ambamo nimepata nafasi ya kuweka meza yenye urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 60. Mjomba wangu aliyerejea kutoka Ujerumani ameniletea sanduku la treni za mfano: kichwa kimoja cha dizeli, mabehewa sita ya mizigo, reli za kutosha kufanya duara pamoja na pointi mbili za kugeuzia njia, na transfoma yake. Reli hizo zina upana wa milimita 9 kati ya reli na reli, na sanduku limeandikwa skeli ya 1:160, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 160.

Sitaki treni ya kuzunguka tu. Natamani kuiona juu ya meza hiyo njia yetu wenyewe, ile iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na hatimaye Moshi mwaka 1911. Je, kwa nafasi hiyo naweza kuijenga kutoka Tanga hadi walau Muheza? Na je, vifaa vya skeli hii vinafaa kwa reli yetu, ambayo ni nyembamba kuliko ya Ujerumani? Jambo linalonitia hofu zaidi ni hewa ya bahari, kwa kuwa mtaani kwetu hata bawaba za madirisha hazimalizi muda kabla ya kushika kutu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Binti Muheza

Karibu sana, kaka. Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha ujenge nini. Kutoka Tanga hadi Muheza ni kama kilomita 40. Ukizigawa kwa 160 unapata mita 250, yaani njia ya kutoka nyumbani kwako hadi mwisho wa mtaa. Hakuna anayejenga njia nzima kwa urefu wake halisi. Wajenzi huchagua stesheni moja, wakaijenga vizuri, na sehemu nyingine zote za safari wakaziacha nyuma ya pazia mwishoni mwa meza.

Kuhusu skeli, hofu yako ina msingi. Reli za Ujerumani zina upana wa milimita 1,435, na ukizigawa kwa 160 unapata karibu milimita 9 kamili, kwa hiyo sanduku lako ni sahihi kwa Ujerumani. Njia ya Tanga ina upana wa mita moja. Ukiweka behewa la 1:160 juu ya reli hizo na kuliita la Tanga, mtu aliyezoea kusimama stesheni za Pongwe au Ngomeni ataona mara moja kwamba njia imekuwa pana mno kwa behewa lake. Unaweza kuondoa mabodi ya kiwandani, ukabakiza magurudumu na mota, kisha ukajenga mabodi yako kwa skeli ya 1:110, kwa kuwa 9 mara 110 ni 990, ambayo ni karibu sana na mita moja. Tatizo ni kwamba kwa 1:110 hutapata chochote kilicho tayari dukani, hata sanamu ya mtu mmoja, kwa hiyo kila kitu utakichonga mwenyewe.

Mimi ningejenga stesheni ya Tengeni, iliyo kwenye njia hiyohiyo ya Tanga, bila kusita. Zama za Wajerumani, pale Tengeni palitoka njia ndogo ya kwenda Sigi, chini ya milima ya Amani, iliyojengwa kwa ajili ya mbao za Usambara Mashariki, na upana wake ulikuwa sentimita 75 tu. Gawa milimita 750 kwa 87 upate 8.6, na hapo reli zako za milimita 9 zinakubali bila kulazimishwa. Skeli ya 1:87 ndiyo inayotumiwa na watu wengi zaidi duniani, hivyo watu, miti, mikokoteni na madirisha vinapatikana kwa urahisi. Mota yako itabaki ileile, utabadilisha bodi tu. Vichwa na mabehewa ya njia nyembamba yalikuwa mafupi, na ufupi huo ni neema kubwa kwa mwenye meza ya mita 1.8.

Kisha mbele kabisa ya meza, weka kipande kimoja cha reli ya milimita 12 kisicho na umeme. Kwa 1:87 hicho kitakuwa njia kuu ya mita moja, na juu yake utasimamisha behewa moja kubwa lisilotembea, likisubiri magogo. Mtazamaji ataziona njia mbili za upana tofauti zikiwa ubavu kwa ubavu, na ataelewa kazi ya Tengeni bila maelezo: shehena haikuweza kupita moja kwa moja, ilibidi ishushwe kwenye behewa dogo na kupakiwa kwenye kubwa.

Seremala wa Chumbageni

Naunga mkono Tengeni, na nitajibu swali la bahari.

Kwanza chukua sumaku na uiguse reli. Ikinata, reli hiyo ni ya chuma na kwa hewa yetu haitakufaa; itaota kutu pale magurudumu yanapopita, na utakuwa mtu wa kusugua tu. Isiponata, kwa kawaida ni nikeli-silva, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao hufifia rangi lakini haushiki kutu.

Pili, meza. Usikubali kuuziwa mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, maana zikinusa masika moja huvimba kingoni na hazirudi. Tumia plaiwudi ya milimita 9 au 12 juu ya fremu ya mbao kavu, yenye mikingamo kila baada ya sentimita 40. Mbao zikinunuliwa, ziache ndani ya chumba hichohicho kwa wiki kadhaa kabla ya kuzikata, ili zizoee unyevu wake. Ukipaka rangi au vanishi, paka juu, chini na kingo zote, kwa sababu ubao uliopakwa upande mmoja hunyonya unyevu kwa upande mwingine na kujikunja.

Watu wengi hudhani reli za mfano hupinda kwa joto. Fanya hesabu: mita moja ya nikeli-silva ikiongezewa joto la nyuzi 10 hurefuka kwa chini ya milimita 0.2. Kinachosogea zaidi ni mbao iliyo chini yake, inayovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na reli zilizobanwa kichwa kwa kichwa hazina pa kwenda ila kunyanyuka. Katika kila kiungo cha pili acha nafasi ya unene wa kadi ya benki. Miguu ya meza isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu, kwa sababu mchwa hawajali kwamba hii ni kazi ya sanaa.

Nije kwenye kokoto, maana hapa ndipo kazi inapopendeza. Usichote mchanga wa ufukweni, hata uwe mzuri namna gani: una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huo utakaa chini ya reli zako daima. Chukua vumbi la mawe yaliyopondwa, lichekeche kwa chekecheo la chai, kisha upitishe sumaku iliyofungwa kwenye karatasi. Utashangaa chembe nyeusi zitakazonata. Hizo zikibaki huvutwa na sumaku iliyo ndani ya mota na kuisaga. Mwaga kokoto katikati ya mataruma kwa kijiko, zisawazishe kwa brashi laini, nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondosha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila tone hilo la sabuni, gundi husimama juu kama umande na kuzisukuma kokoto pembeni.

Kwa majani, wenzetu wa nchi nyingine hununua nyuzi za plastiki kwa bei kubwa. Sisi tuko Tanga. Chukua singa za katani, zikate kwa urefu wa milimita 4 hadi 6, zichemshe kwenye rangi ileile ambayo kina mama hutumia kwa ukili wa mikeka, ya kijani na ya manjano kwa zamu, na uzisimike kwenye gundi kwa koleo ndogo. Nyasi za kando ya reli wakati wa kiangazi hufanana nazo kabisa. Milima itengeneze kwa jipsamu ya dari, nayo pia uitie singa ndefu za katani ndani ili isipasuke, kama wafanyavyo mafundi wa dari.

Mpenda Reli wa Ngamiani

Nawashukuru kwa dhati. Sumaku haikunata hata kwenye kipande kimoja, na uamuzi nimeshaufanya: ni Tengeni. Nimeunganisha reli sakafuni kwa majaribio, nikaona kwamba kichwa kikiwa karibu na waya za transfoma hukimbia, lakini kikifika upande wa pili hulegea, na mara nyingine husimama kabisa. Vilevile umeme hapa kwetu hukatika mara kwa mara. Nifanyeje?

Fundi Umeme wa Raskazone

Kulegea huko kunatokana na viungo vya reli. Kila kiungo hupunguza umeme kidogo, na kwa hewa ya chumvi upungufu huo huongezeka kila mwezi. Usivitegemee viungo kupitisha umeme. Pitisha chini ya meza waya mbili za nyumba za milimita za mraba 1.5, nyekundu na nyeusi, kisha kutoka kila kipande cha reli shusha waya mwembamba uliolehemiwa kwa risasi na uuunganishe na waya hizo kuu. Unapolehemu, weka pamba yenye maji kila upande wa sehemu unayoichoma, na uondoe moto haraka, la sivyo mataruma ya plastiki yatayeyuka. Kwenye pointi usiruhusu umeme upite kwa kugusana kwa ndimi (vile vipande vya reli vinavyosogea) pekee, kwa sababu hapo ndipo uchafu hujificha.

Reli zifute kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Msasa usiusogeze karibu, kwani mikwaruzo yake ndiyo itakayohifadhi uchafu wa kesho. Kama mabehewa yana magurudumu ya plastiki, yabadilishe kwa ya chuma, maana yale ya plastiki husambaza utando mweusi kwenye njia nzima.

Kwa umeme unaokatika, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 inakutosha. Kichwa kidogo kama chako hakitumii zaidi ya robo ya ampea hivi, kwa hiyo hata ukitumia nusu tu ya betri, na betri za asidi hazifai kumalizwa zaidi ya hapo, utaendesha kwa saa kumi na zaidi. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na betri. Usiendeshe treni huku chaja imewashwa, kwa kuwa wakati huo volti hupanda hadi kama 14.

Mstaafu wa Stesheni

Vijana wangu, nimesoma yote kwa furaha. Mmeeleza kujenga, mimi niongeze kuendesha, maana nimeona reli nyingi za mfano zilizojengwa kwa ustadi, kisha mwenyewe akachoka nazo kwa sababu treni haina kazi ya kufanya.

Mwingereza Alan Wright alibuni mpangilio mdogo uitwao Inglenook, unaohitaji pointi mbili tu. Kuna njia tatu za kuegesha mabehewa: moja inabeba matano, na nyingine mbili zinabeba matatu kila moja. Upande wa pili kuna kipande cha reli kinachotosha kichwa na mabehewa matatu. Jumla ya mabehewa ni manane. Unachomoa kadi bila kutazama, zinakupa mabehewa matano kwa mfuatano, nawe unatakiwa kuyapanga katika mfuatano huohuo kwa kusogeza mbele na nyuma. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Kwa kuwa unayo mabehewa sita, anza na matano katika njia za 3, 2 na 2, ukiunda treni ya mabehewa matatu. Hapo mifuatano ni 60, nayo inatosha kukufundisha.

Nimekupigia hesabu ya mpangilio mkubwa. Kichwa cha sentimita 9 na mabehewa matatu ya sentimita 8 pamoja na kiungo, hizo ni 33. Pointi mbili za sentimita 12, hizo ni 24. Njia ya mabehewa matano ni 40. Jumla ni sentimita 97, na zilizobaki ni za msitu wa Sigi.

Kila behewa lipe kadi yake: hili lina magogo ya kupakiwa kwenye njia kuu, hili limeleta unga, hili ni tupu na linarudi msituni. Ukitaka behewa la katani, robota halisi huwa na kama kilo 250. Chonga vipande vya mti mwepesi na uvizungushie uzi wa rangi ya krimu. Na mkiwa wawili, mmoja awe Tengeni na mwingine awe Sigi nyuma ya pazia. Katika njia moja, treni haiondoki mpaka stesheni ya mbele itoe ruhusa kwamba njia iko wazi. Ombeni ruhusa hiyo kwa sauti na muiandike kwenye daftari pamoja na saa.

Mpenda Reli wa Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru sana. Naomba kujua jambo moja tu: treni ya njia ndogo kama ile niiendeshe kwa mwendo gani ili ionekane ya kweli?

Mstaafu wa Stesheni

Marahaba, mwanangu. Chukulia kilomita 20 kwa saa. Hizo ni kama mita 5.6 kwa sekunde, na ukizigawa kwa 87 unapata sentimita 6.4. Kwa hiyo kichwa chako kikitoka mwanzo wa meza, kifike mwisho wake baada ya sekunde 28. Wakati wa kupanga mabehewa, punguza hadi nusu ya mwendo huo, na kabla ya kugusa behewa lililosimama, kisimamishe kabisa kwanza, kama tulivyokuwa tukifanya.