Naomba ushauri: mbegu ya mpunga inayoweza kuota ikiwa chini ya maji

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada kwa wenye uelewa wa mbegu. Nalima mpunga bonde la Kilombero, vibarua wa kupandikiza bei imechangamka kwa hiyo mimi namwaga mbegu moja kwa moja shambani. Sasa msimu huu nimemwaga mbegu aina ya SARO, kesho yake mvua ikashuka balaa, maji yakasimama kama wiki hivi, kuja kucheki mbegu zimeoza na zilizotoka ni za kuhesabu.

Katika kupekua mtandaoni nikakuta kuna jeni inaitwa OsTPP7, waliipata kwenye mpunga wa kienyeji wa Myanmar, Khao Hlan On, inasaidia mbegu kugeuza wanga wake kuwa sukari hata oksijeni ikiwa kiduchu, kichipukizi kinarefuka fasta mpaka kinatoboa maji ndo kinapumua. IR64, aina ya mpunga wa kisasa, yenyewe haina. Mwanzo nilidhani SUB1A, jeni nyingine ya kuvumilia mafuriko, ndo dawa, kumbe ile inaufanya mche ulioshaota utulie usirefuke, utunze nguvu mpaka maji yapungue, yaani hizi mbili zinaenda kinyume kabisa!

Swali langu, kuna mtu ameshapata mbegu yenye hiyo OsTPP7 hapa Bongo? Na kama haipo, kuloweka na kuvundika kabla ya kumwaga kunasaidia au ndo naozesha zaidi? Nimebakiza madebe mawili tu ya mbegu, sitaki kubahatisha tena.