Mjadala: Je, serikali ifunge baa na kumbi za muziki siku ya Ijumaa Kuu?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam kwenu nyote, na heri ya Pasaka kwa wanaoiadhimisha.

Kila Juma Kuu hoja hii inarudi, kwenye magrupu ya jumuiya, vijiweni, hata mimbarini: Pasaka imeporwa, imekuwa sikukuu ya bia, ufukwe na ofa za mitandao ya simu, basi serikali ifunge baa na kumbi za muziki angalau Ijumaa Kuu. Mimi ni Mkatoliki, Kwaresima nafunga, na Ijumaa Kuu kwangu ni siku ya ukimya. Pamoja na hayo, sheria ya namna hiyo naipinga.

Tuanze na hali ilivyo. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko ya nchi nzima, kwa Mkristo na asiye Mkristo. Ukiwapa watu siku nne bila kazi, kila mmoja atazitumia anavyojua. Coco Beach inafurika, mabasi ya mikoani yanajaa, watoto wanavalishwa nguo mpya, na polisi wanatangaza kwamba disko toto ni marufuku. Tangazo hilo tulisikie kwa uzito wake, maana Oktoba 2008, siku ya Idd, watoto wapatao 20 walikufa katika msongamano kwenye ukumbi wa disko mjini Tabora. Marufuku hiyo husikika Idd, Krismasi na Pasaka vilevile. Kwa umma wetu sikukuu ya dini imekuwa pia siku ya kutoka na familia, na sioni ubaya kwa mtoto wa jirani yangu Muislamu kunywa soda yake ufukweni siku ambayo mimi nashangilia Ufufuko.

Kuhusu sheria, wapo waliotangulia. Ireland ilipitisha mwaka 1927 sheria ya kufunga baa Ijumaa Kuu, Krismasi na Siku ya Mtakatifu Patriki. Marufuku ya siku hii ya mwisho iliondolewa mapema. Ijumaa Kuu ikabaki imefungwa, lakini kwa matundu mengi: mgeni wa hoteli aliweza kunywa, na abiria wa meli pia. Mwaka 2010 mechi ya raga kati ya Munster na Leinster ilipangwa Limerick siku hiyo hiyo. Wenye baa wakaenda mahakamani na wakaruhusiwa kufungua. Mwaka 2018 marufuku ya Ijumaa Kuu ikafutwa. Nchi ya Kikatoliki kiasi kile ilikuwa na sheria kwa miaka 90, na katika miaka hiyo hiyo waumini walipungua kanisani.

Ujerumani majimbo mengi hadi leo yanakataza dansi hadharani Ijumaa Kuu. Chama kimoja cha watu wasiofuata dini huko Munich kilizuiwa kufanya hafla yake mwaka 2007, kikaenda hadi Mahakama ya Katiba. Hukumu ya mwaka 2016 haikufuta siku ya ukimya. Ilisema tu kwamba sheria ya Bavaria isiyoacha nafasi yoyote ya ruhusa maalumu inavunja haki za wengine. Nadhani hukumu hiyo ilikuwa ya busara, na kwetu ingeibuka kesi kama hiyo mapema zaidi, maana Ibara ya 19 ya Katiba yetu inasema ibada ni hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Sasa niseme kinachoniuma, nacho hakipo baa. Kipo parokiani. Jumapili ya Pasaka kanisa halina pa kukanyaga, watu hadi nje chini ya maturubai. Lakini Mkesha wa Jumamosi usiku, ambao ndio kitovu cha mwaka mzima wa kanisa, unakuta viti vitupu. Taa zote zinazimwa. Moto mpya unawashwa nje, padri anachora msalaba na tarakimu za mwaka kwenye mshumaa wa Pasaka, kisha anaingia gizani akiimba "Mwanga wa Kristo", na mwali unapita mkono kwa mkono hadi nyuso za watu wote zinaonekana. Wanaobatizwa ni watu wazima waliojiandaa kwa muda mrefu. Halafu wenzetu wengi wako nyumbani wanapasi nguo za kesho!

Na Mkesha huo nao ulishawahi kupotea. Kwa karne nyingi ulikuwa unafanywa Jumamosi asubuhi, jua limewaka, na mapadri na waumini wachache tu. Papa Pius XII ndiye aliyeurudisha usiku, kwa majaribio mwaka 1951, kisha kwa kanisa zima kuanzia 1956. Kanisa liliamka lenyewe likarekebisha liturujia yake, na hakuna bunge lililoombwa msaada.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, umeandika vizuri ila umekwepa swali. Kanisa letu limepakana na baa. Ijumaa Kuu saa tisa alasiri, tunapiga magoti kuabudu Msalaba, spika ya pale inapiga singeli hadi vioo vinatetemeka. Mama mmoja mzee alitoka na kwenda kuwaomba wapunguze, wakamwambia leo ni sikukuu. Katiba unayoitaja inamlinda nani hapo?

Tena tuwe wakweli. Zanzibar mwezi wa Ramadhani migahawa mingi inafungwa mchana, na mwaka 2024 polisi walikamata watu kwa kula hadharani. Sisi tunaomba siku moja tu, tunaambiwa nchi haina dini. Haki iko wapi?

Mchangiaji, Tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ndugu wa Mwanza, kilio chako nakielewa, ila Zanzibar usiifanye mfano wa kuiga. Mimi ni Muislamu na ninafunga, na sikufurahia mtu kukamatwa kwa sababu ya chakula chake. Saumu yangu ni baina yangu na Mola wangu.

Mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, mfululizo. Majirani zetu Wakristo walipika pilau lao mchana kama kawaida, lakini sinia letu walilifunika kando wakasubiri. Adhana ya magharibi ilipolia tu, mtoto wao akabisha hodi. Hakuna mkuu wa wilaya aliyewaagiza. Mkileta polisi katikati ya mambo haya, mwakani sinia hilo litaletwa kwa woga au halitaletwa kabisa.

Mchangiaji, Musoma

Niulize jambo moja tu. Sisi Wasabato hatuna Kwaresima wala Ijumaa Kuu kwenye kalenda yetu ya ibada. Siku yetu takatifu ni Sabato, na vijana wetu wamepambana miaka mingi na mitihani inayopangwa Jumamosi. Serikali ikianza kulinda siku takatifu kwa sheria, italinda ya nani na itaacha ya nani? Mtakaokuwa wengi ndio mtakaolindwa.

Mchangiaji, Mtanzania aishiye Dublin

Mleta mada yuko sahihi kuhusu Ireland, ila amesahau upande mmoja. Nilikuwepo wakati wa marufuku. Alhamisi Kuu maduka ya pombe yalikuwa na foleni, watu wanabeba makreti kwenda kunywea nyumbani. Kwa hiyo kama lengo lilikuwa watu wasilewe, halikutimia.

Lakini nimefanya kazi ya baa, na nawaambia ukweli: Krismasi na Ijumaa Kuu ndizo zilikuwa siku mbili pekee mwaka mzima ambazo mhudumu alikuwa na hakika hataitwa kazini. Ilipofunguliwa 2018 wateja na watalii walifurahi, wenye biashara wengi walifurahi, ila mhudumu anayetaka kwenda kanisani Ijumaa Kuu sasa anaomba ruhusa kwa bosi. Hili nalo lipimwe.

Mchangiaji, Tukuyu

Nashukuru kwa mjadala huu. Sisi Wamoraviani Pasaka yetu inaanza kabla ya jua. Desturi hii ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, ambapo vijana walikwenda makaburini alfajiri kuimba habari ya Ufufuko. Wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891.

Jumamosi tunafyeka majani na kusafisha makaburi. Alfajiri tunatoka na matarumbeta, ukungu bado mzito, baridi inauma vidole hadi wapigaji wanapuliza viganja kwanza. Tukifika, tunasimama katikati ya waliotutangulia, bibi zetu na watoto tuliowazika, na tunatamka imani yetu pale pale juu ya udongo wao. Jua linapochomoza tunaimba. Usiku ule ule mjini kuna disko na baa ziko wazi. Hatujawahi kupungukiwa watu kwa sababu hiyo.

Mchangiaji, Mwanza

Ndugu wa Tukuyu, umenigusa, Mungu awabariki. Lakini huko kila mtu anajua kaburi la nani ni lipi. Mjini jirani hanijui, na mwenye baa anaishi mkoa mwingine. Sinia la Tanga na alfajiri ya Tukuyu vinasimama juu ya watu wanaojuana. Sisi tusiojuana tutasimama juu ya nini kama si sheria? Desturi haijilindi yenyewe mahali ambapo hakuna anayemwonea aibu mwenzake.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wa Mwanza, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa, na sitaipita juu juu. Mjini aibu haitoshi, nakubali. Pale panapohitajika sheria, iwepo, lakini tujue inalinda nini.

Yule mama mzee alikosewa, na angekosewa vilevile Jumanne ya kawaida akiwa amelala mgonjwa. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo zipo tangu mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, na NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, wana mamlaka ya kuzisimamia. Hazimuulizi mtu dini yake. Zinaibana baa yenye singeli, na zinalibana pia kanisa linalopiga spika usiku kucha. Baraza la walei la parokia yenu liandike barua kabla ya Juma Kuu, liambatanishe malalamiko ya majirani, wakiwemo wasio Wakristo, na nakala iende kwa mtendaji wa kata. Mkiomba utulivu kama wakazi, Muislamu na Msabato watasaini nanyi. Mkiomba Ijumaa Kuu ilindwe kwa kuwa ni ya Wakristo, mtasaini peke yenu.

Ndugu wa Dublin, la mhudumu umelileta wakati mwafaka, kwa sababu katika kelele zote za "Pasaka imeporwa" sijasikia mtu akimtaja. Kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi anayefanya kazi siku ya sikukuu ya umma alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Ni dada wangapi wa baa waliolipwa hivyo Ijumaa Kuu iliyopita? Wengi hawana hata mkataba. Mapadri na wachungaji wakisimama Ijumaa Kuu na kulisema hilo, wakamwambia muumini wao mwenye baa (na wapo, tunasali nao) kwamba amlipe mhudumu haki yake au amwache akasali, hapo watakuwa wanalinda Pasaka ya mtu mwenye jina na mshahara wake.

Ndugu wa Musoma, swali lako sina jibu lake ndani ya hoja ya kufunga baa, na ndiyo sababu mojawapo ya kuikataa. Ila suala la mitihani ya Jumamosi linastahili mada yake lenyewe. Lianzishe, nitachangia.

Kuhusu Mkesha bado nataka kusikia kutoka parokia zilizofanikiwa. Wengi hawaji kwa sababu daladala zinaisha saa tano usiku na bodaboda ni hatari saa zile, hasa kwa kina mama wenye watoto. Kama kuna mahali jumuiya zimekodi Coaster, au zimekubaliana kurudi kwa makundi, elezeni mlivyochangishana na mlianza saa ngapi.