Mrejesho: Laptop iliyokuwa inadai tarakimu 48

Wakuu, nilileta kilio hapa: laptop ya ofisi, siku tatu naifanyia kazi nyumbani Nyegezi, mbili mjini, asubuhi moja ikadai namba ya tarakimu 48. Imefunguka! Aliyehisi tatizo ni BIOS (programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows) alipatia. Fundi wa mtaani aliisasisha (najua, nimeshagombezwa), chipu ya TPM (inayotunza funguo za usalama ndani ya laptop) ikaona mashine imebadilika, ikagoma kutoa ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga mafaili yote ya diski. Aliyenishauri nipige Windows upya angenimalizia mafaili yote. Ile namba ya akiba ya kuifungulia alikuwa nayo mtu wa IT muda wote. Kanisomea kwenye simu, sita sita, mara nane, nikakosea mara mbili. Sasa nimeiandika kwenye daftari, lipo kabatini, si kwenye begi la laptop.