Eti SUK (Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar) "tumewapa kwa huruma"?! Huyu mzee leo kanichefua

Karafuu_Mbichi (mleta uzi):
Wakuu, mmemsikia? Simtaji, mnamjua. Yule yule ambaye akishika maiki hata spika zinaomba poo. Leo kasimama, kakohoa, kacheka kile kicheko chake cha shibe, halafu akasema kuhusu wapinzani: "Wenzetu hawa tumewaingiza serikalini kwa huruma tu." HURUMA! Na waliokaa viti vya mbele wakapiga makofi.

Huruma ya nani? Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipanga foleni kwenye kura ya maoni ya SUK, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Yakaja Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya 1984. Kasome kifungu cha 39: chama kilichoshika nafasi ya pili kwenye urais, kikifikisha asilimia 10, ndicho kinachotoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mawaziri nao wanagawiwa kwa uwiano wa viti vya Baraza la Wawakilishi. Huruma imeandikwa ukurasa gani? Au anayo Katiba yake peke yake, kachapisha chumbani?

2010 hiyo hiyo kwenye urais Dk. Shein wa CCM alipata asilimia 50.1, Maalim Seif wa CUF 49.1. Kura elfu tatu na ushei! Kwa tofauti hiyo mwenye kuhurumiwa ni nani?

Na alicheka. Bora angesema kwa hasira ningemwelewa. KACHEKA.

Bwana_Ngalawa:
Mkuu, kwa povu hili unafua shuka zote za hospitali ya Mnazi Mmoja na maji ya suuza yanabaki.

Mzee wa Kasma:
Mleta uzi unapigana na neno, wenzio wanakula kasma, yaani mafungu ya bajeti. Mwangalie waziri anayetoka chama cha pili. Anaapishwa, anapewa gari na bendera, anaingia ofisini. Katibu Mkuu wa wizara kateuliwa na Rais, na huyo ndiye afisa masuuli. Yaani matumizi hayatoki bila saini yake, na akiulizwa na wakaguzi anajibu yeye, si waziri. Waziri akitaka semina Wete, Pemba, anaandika dokezo, dokezo linapanda, linarudi na "tuzungumze", linapanda tena, mwaka wa fedha unakwisha Juni 30. Hakuna aliyemkatalia!

Shuka chini sasa. Mkuu wa mkoa ni uteuzi wa Rais. Sheha anateuliwa na mkuu wa mkoa. Barua ya sheha ndiyo unayoihitaji kwenye kitambulisho na kwenye daftari la wapiga kura. Umoja wa kitaifa unaishia ghorofani, ngazi ya chini haujawahi kushuka. Hapo ndipo pa kukasirikia, si kicheko.

Karafuu_Mbichi:
Kicheko ndicho kilichoniuma, sheikh. Kacheka akamtazama na aliyekaa pembeni yake.

Kijani Damu:
Huruma ipo, msijitoe ufahamu. 2020 Dk. Mwinyi wa CCM alipata 76.27, Maalim, safari hii ACT, 19.87. Mtu mwenye 76 anahitaji mwenza wa nini?

Karafuu_Mbichi:
19.87 ni kubwa kuliko 10. Hesabu hiyo inafundishwa kabla mtoto hajang'oka meno ya mbele. Na kama ni huruma, 2016 ilikwenda likizo? Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, kafuta matokeo Oktoba 28, 2015, marudio Machi 20, CUF wakasusia, Shein 91.4. Hakuna chama cha upinzani kilichofikisha 10, kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kinapigwa vumbi hadi Desemba 2020. Hiyo huruma mbona haikumpangusia mtu kiti?

Bwana_Ngalawa:
Huyo Makamu wa Kwanza mwenyewe 2010 walimwekea mazingira, UKIMWI na watu wenye ulemavu. Kiongozi wa shughuli za serikali Barazani ni Makamu wa PILI, anayetoka chama cha Rais. Wa kwanza anamwaga maji kwenye mche wa mkoko, wa pili anapeleka miswada. Majina wangeyabadilishana tu tujue moja.

Msafwari wa Nairobi:
Nyinyi mnalia kwa neno moja? Sisi Kenya nusu mkate, serikali ya mseto ya 2008 ya Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila, ilitupa mawaziri 40. Aprili 2009 wakapelekwa Kilaguni, Tsavo Magharibi, wapatane. Wakashindwa kukubaliana hata ajenda, wakarudi na picha za ndovu. Mwezi huo huo Kibaki anamtaka makamu wake Kalonzo awe kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, Raila anajitaja yeye. Spika Marende akaamua kamati ya shughuli za bunge aiongoze mwenyewe! Februari 2010 Raila anawasimamisha mawaziri Ruto na Ongeri miezi mitatu. Siku hiyo hiyo Kibaki anasema wako kazini. Mkataba ulisema "kushauriana" bila kusema nani akikataa inakuwaje. Basi.

Mtanganyika Mchovu:
Zanzibar sensa ya 2022 watu hawakufika milioni mbili, rais mmoja, makamu wawili, baraza zima la mawaziri. Na sisi serikali yetu ya Tanganyika iko wapi? Anzeni hapo.

Mzee wa Kasma:
Haya, na wewe fungua uzi wako.

Buluu Bahari:
Mnamsahau mwenye mali. SUK ililetwa na CUF, Desemba 2020 waliokuja kula matunda ni ACT. Machi 2019 Maalim kahamia ACT, "shusha tanga, pandisha tanga", wakaondoka na wanachama, wakaondoka na ofisi. Asubuhi jengo jeupe, jekundu na buluu, jioni zambarau!

Zambarau Tupu:
Ofisi zilijengwa kwa michango ya wanachama. Wanachama wamehama, kuta zibaki na nani? Na Profesa Lipumba, mwenyekiti wenu wa CUF?

Buluu Bahari:
Ndiyo! Na rangi yenyewe mlipaka vibaya, wekundu ulikuwa unachungulia.

Karafuu_Mbichi:
Jamani, turudi kwenye HURUMA. Mtu kacheka hadharani!

Bwana_Ngalawa:
Wekundu lazima uchungulie. Nyekundu ya mafuta huipaki zambarau ya maji juu yake. Piga msasa kwanza, futa vumbi, weka nyeupe ya chini mikono miwili, acha ikauke, ndipo uje na zambarau.

Zambarau Tupu:
Nyeupe ya mafuta au ya maji?

Bwana_Ngalawa:
Ya mafuta. Na ukuta wa chokaa ya zamani ukwangue kwanza, la sivyo inabanduka mvua za masika.