Kalibri 12 ya zamani: perkuta ya kushoto inakwaruza fataki

Mwindaji wa Ruashi:
Nawasalimu nyote. Nina bunduki ya kuwindia ya mitutu miwili, kalibri 12, yenye nyundo za nje, iliyotengenezwa Liège, Ubelgiji. Niliirithi kwa marehemu baba, na kibali kimekwisha kuandikwa kwa jina langu. Mtutu wa kulia hauna shida. Nikipiga wa kushoto, bunduki hukataa kufunguka mpaka niilazimishe, na ganda linapotoka, fataki iliyo kitakoni mwake huwa na kishimo chenye mkia unaoelekea chini. Fundi mmoja hapa Lubumbashi anasema perkuta, yaani kile kipini kinachogonga fataki, ni ndefu mno, naye anataka kuipunguza kwa tupa. Je, nimruhusu?

Fundi wa Katuba:
Ndugu, tafadhali asiiguse kwa tupa kabla hujajua ni nini kinachoizuia kurudi. Unapoifungua bunduki, midomo ya mitutu hushuka na upande wa risasi hupanda. Kwa hiyo perkuta ambayo bado imezama ndani ya fataki huiburuta, na ndiyo sababu mkia huo unaelekea chini. Perkuta ikipunguzwa kupita kiasi, risasi zitaanza kukataa kulia, na ikiachwa na ncha kali, itatoboa fataki na moto wa baruti utarudi kwenye uso wako.

Hakikisha kwanza kwamba mitutu yote miwili ni mitupu, kisha weka maganda yaliyokwisha kupigwa na uachilie nyundo moja moja. Je, nyundo ya kushoto inarudi nyuma kidogo baada ya kugonga, kama ile ya kulia? Ikirudi, inua nyundo, toa maganda, sukuma perkuta kutoka nyuma kwa kijiti cha mti, kisha uiachilie. Inapaswa kuruka nyuma mara moja. Ikijivuta polepole, springi yake imechoka au njia yake imeziba. Katika kiangazi chetu vumbi jekundu huingia kila mahali, na aliyepaka mafuta ya kupikia, maana wapo wanaofanya hivyo, hutengeneza gundi ya kahawia inayoganda kuizunguka perkuta.

Mzee wa Kampemba:
Naongeza jambo moja, wanangu. Mfumo wa nyundo kujirudisha ulipewa hataza Uingereza mwaka 1867 kwa jina la John Stanton, lakini bunduki nyingi ziliendelea kutengenezwa bila huo. Ikiwa nyundo zako zote mbili hubaki zimelalia perkuta, utaratibu wake ni kuzirudisha kwenye nusu, yaani kuzivuta nyuma nusu ya njia, kabla ya kufungua, na hapo hakuna kilichoharibika. Angalia pia alama chini ya mitutu. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni za ukaguzi wa Liège. Simba pamoja na PV ni alama ya kujaribiwa kwa baruti ya kisasa. Usipoiona alama hiyo, usipige risasi za leo. Bunduki nyingi za zamani, tena, zina chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, ya milimita 65, na risasi ya 70 ndani yake hupandisha nguvu ya mlipuko hadi bati la fataki kusukumwa ndani ya tundu la perkuta na kung'ang'ania humo.

Mwindaji wa Ruashi:
Asante sana, Mzee, na wewe Fundi. Simba na PV vipo, na maganda yangu ni ya 65. Nyundo zote mbili zinarudi. Perkuta ya kulia inaruka. Ya kushoto inakaa mbele mpaka niitikise bunduki.

Fundi wa Katuba:
Basi ni uchafu au springi. Mwambie fundi afungue parafujo inayoishikilia perkuta kwa bisibisi inayoenea sawasawa kwenye mfuo wake, aloweke vipande vyote katika mafuta ya taa, asafishe tundu kwa kijiti na kitambaa, akaushe, kisha apake tone moja tu la mafuta mepesi ya mashine. Ailinganishe springi na ile ya kulia: ikiwa fupi au imelegea, ibadilishwe. Ncha iwe ya mviringo na laini. Ikiwa na kingo, msasa mwembamba unatosha kuing'arisha bila kuifupisha. Mpaka hapo, usipige mtutu wa kushoto.