Joto likizidi duniani, wenzetu wa kaskazini si ndo watafaidi?

Fundi wa Temeke
Wakuu heshima kwenu. Kila siku tunaambiwa dunia inapata joto, sawa, sisi Dar tunajua maana Februari ukipanda daladala saa nane mchana unashuka shati limelowa chapachapa. Ila hawa wa Urusi, Kanada, Greenland, kwao si neema? Watalima, gharama ya kupasha nyumba joto itapungua, bandari hazitaganda. Hata Putin 2003 alisema joto likipanda digrii mbili tatu si mbaya, watu watapunguza hela ya makoti ya manyoya na nafaka itaongezeka. Sasa kama wanafaidi, watakuwa na haraka gani ya kupunguza moshi unaoleta hilo joto? Nawasilisha.

Kijana wa Bandarini
Kufaidi watafaidi mkuu, tusikatae. Ile njia ya meli inayopita baharini juu kaskazini mwa Urusi, toka Yokohama kule Japani mpaka Rotterdam kule Uholanzi inakata kama theluthi ya safari ukilinganisha na kupita Suez, na 2018 Venta Maersk ikawa meli ya kontena ya kwanza kupita huko, imebeba na samaki walioganda. Ila wenye meli, kampuni ya Maersk, walisema ni jaribio tu. Kontena zinataka ratiba, huwezi kumwambia mteja tunasubiri barafu.

Dada wa Segerea
Nimesoma Moscow, chumbani nilikaa na dada wa Yakutsk, mji wa Siberia huko Urusi, kwao ardhi imeganda kwenda chini mamia ya mita. Magorofa yanasimama juu ya nguzo zilizozamishwa humo humo kwenye ardhi iliyoganda, halafu chini ya jengo wanaacha uwazi upepo wa baridi upite ili joto la ndani lisishuke likaiyeyusha. Mabomba ya maji yanapita juu ya ardhi yamefungwa kama mguu wa mtu aliyevunjika, yakifika barabarani yanapandishwa juu magari yapite chini. Sasa jamani hiyo ardhi ikilainika nini kinashika nyumba? Na barabara, na reli, na matangi. Mei 2020 pale Norilsk, mji mwingine wa Siberia, tangi la dizeli lilititia, zikamwagika kama tani 20,000, mto Ambarnaya ukawa mwekundu, na kampuni yenyewe ilitaja ardhi kuyeyuka chini ya nguzo. Mwezi uliofuata Verkhoyansk, huko huko Siberia, moja ya sehemu zenye baridi kali kuliko zote wanakoishi watu, ikafika digrii 38!

Fundi wa Temeke
Dah, asante sana dada. Ila kilimo je? Ngano nyingi tunayokula inatoka Urusi, si itashuka bei?

Bwana Shamba
Kilimo si joto tu mkuu. Ni kweli msimu unarefuka, Greenland ya kusini wanavuna viazi, kusini mwa Uingereza mashamba ya zabibu yameongezeka sana. Lakini kwenye ile misitu ya kaskazini udongo mwingi ni mwembamba, una asidi, kwingine kinamasi kitupu, na udongo huwezi kuuhamisha. Halafu baridi ilikuwa inawaulia wadudu bure. British Columbia kule Kanada kuna mdudu wa magome ya misonobari, baridi ilipopungua makali akawa hafi, akamaliza mamilioni ya hekta za misitu. Bei nayo usiitegemee, 2010 Urusi ilipigwa na joto na ukame, moto kila mahali, Agosti wakafunga kuuza ngano nje na bei ikapaa dunia nzima.

Mama Kigamboni
Mi narudi kwenye swali la Fundi, kwamba wanaofaidi watakuwa na haraka gani ya kupunguza moshi, maana ndo zito. Barafu ya Greenland ikiisha yote bahari inapanda kama mita 7. Itachukua karne nyingi, ila Kunduchi bahari imeshakula ufukwe, na masika Msimbazi ikifurika watu wa Jangwani wanabeba magodoro kichwani. Mwenzetu akipata shamba jipya huko juu, huku mtu amepoteza kiwanja. Wawakilishi wetu wakienda kwenye hiyo mikutano ya hali ya hewa wadai hela ya kuta na mifereji, na wadai kwa sauti.

Fundi wa Temeke
Nimekuelewa mama. Dada wa Segerea rudi kidogo, nyumba ya Yakutsk ikianza kukaa upande, serikali yao inawahamisha au mtu anajitegemea?